Ujitengenezee Mwenyewe, Umpe Fundi wa Nje, au Urudi kwa Wakala? Ulinganisho kwa Wenye Magari ya Kisasa

Kuna magari ya leo ambayo ukitaka kubadilisha balbu ya taa ya mbele, sharti uvue bampa zima, au utoe gurudumu na kufungua plastiki ya ndani ya madigadi ndipo mkono upenye. Mtu aliyezoea kufungua boneti, kuzungusha balbu iliyoungua na kuchomeka nyingine, hapo ndipo hasira inapompanda. Anajiuliza kama yeye ndiye asiyejua kazi, au gari limetengenezwa makusudi ili kumkomoa.

Ukweli ni kwamba kazi yenyewe imehama. Zamani kutengeneza gari kulianza na kuishia mikononi. Sasa kunaanza na kompyuta, kunapita kwenye spana, na mara nyingi kunarudi tena kwenye kompyuta kabla gari halijakubali kwamba limepona. Wengi wetu tunaiweza vizuri ile sehemu ya katikati. Tunakwama mwanzoni na mwishoni, na huko ndiko fedha zinakopotelea.

Njia ziko tatu: kujitengenezea, kumpelekea fundi wa gereji huru, au kwenda kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Nitazipima zote kwa mambo matano yale yale:

- Kugundua ugonjwa: nani atajua hasa kilichoharibika, si kubahatisha?
- Kukifikia kifaa: zana, nafasi na ufundi wa kufungua bila kuvunja.
- Kuiambia kompyuta: baada ya kufunga, je, gari linahitaji kuarifiwa, na nani ana uwezo huo?
- Fedha na muda: si bei ya kipuri tu, bali na saa zako na siku ambazo gari halitembei.
- Lawama: likiharibika tena wiki ijayo, nani anabeba mzigo?

Kigezo cha tatu ndicho watu wanachokisahau, nami nakipa uzito kuliko vyote.

## Kujitengenezea mwenyewe

Kugundua ugonjwa. Hapa mwenye gari wa leo ana silaha ambayo baba yake hakuwa nayo. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi yenye pini 16. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, kisha ya dizeli. Kifaa kidogo kinachochomekwa hapo na kuzungumza na simu yako kitakupa msimbo wa hitilafu ndani ya dakika moja.

Balaa ni kwamba msimbo hautaji kipuri kilichokufa. Unataja dalili. Chukua P0171: maana yake ni kwamba upande mmoja wa injini unapata hewa nyingi kuliko inayostahili mafuta yake. Mtu anasoma hivyo, anakumbuka kwamba sensa ya oksijeni ndiyo inayopima mambo hayo, anakwenda kuinunua. Taa inazimika siku mbili, inawaka tena. Kumbe paipu la mpira nyuma ya kichujio cha hewa lilipasuka na linavuta hewa isiyopimwa. Au sensa inayopima hewa inayoingia imechafuka. Au pampu ya mafuta imechoka. Sensa ya oksijeni ilikuwa inasema kweli tupu, na kuibadilisha ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku. Nasema hivi kwa aibu: nilinunua sensa mbili kabla sijauona ufa wa mpira ule, na niliuona kwa bahati, nikitafuta nati iliyodondoka.

Lakini upo upande wa pili. Msimbo P0301 unasema silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta yake sawasawa. Kama kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), hamisha koili ya kwanza kwenda ya pili, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0302, koili ndiyo mwizi. Ukibaki P0301, tazama plagi na nozeli. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na si kila gereji itakufanyia kabla ya kukuuzia seti nzima ya koili. Mtu mwenye subira nyumbani anaweza kupima vizuri kuliko fundi mwenye magari sita yanayomsubiri.

Kumbuka tu kwamba visomaji vya bei ndogo huishia kwenye injini. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), ya mifuko ya hewa au ya gia boksi mara nyingi huhitaji mashine kubwa zaidi.

Kukifikia kifaa. Plastiki ya kufunika chini ya gari, klipu ishirini ambazo nane zitavunjika, bolti iliyofichwa nyuma ya injini mahali ambapo ni vidole viwili tu vinafika. Kwenye injini kadhaa za silinda sita, plagi za upande wa nyuma hazionekani mpaka uondoe manifoldi ya hewa. Kuna bolti ambazo huvutika zinapokazwa na hazirudiwi. Ukizifunga tena zile za zamani, umeacha kasoro ndani. Kuna gia boksi zisizo na kijiti cha kupimia oili: kiwango hupimwa gari likiwa limenyooka, injini ikiwa inaunguruma, oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa kufungua kizibo cha pembeni na kutazama inavyochuruzika. Yote hayo yanawezekana nyumbani. Ila yanahitaji mwongozo wa gari hilo hasa, si la binamu yake, pamoja na spana ya kupimia mkazo.

Kuiambia kompyuta. Mfano ulio wazi ni betri. Magari mengi yanayozima injini yenyewe kwenye foleni yana sensa kwenye nguzo ya betri, na kompyuta inahesabu umri wa betri ili kujua ichaji kiasi gani. Baadhi yake, usipoyaarifu kwamba umeweka mpya, yataendelea kuichaji kama kikongwe. Betri inaingia kwa bolti mbili tu, lakini kazi haijaisha.

Mfano mwingine ni breki za nyuma zenye handbreki ya umeme. Pistoni ya breki inasukumwa na mota ndogo. Ukiikandamiza kwa nguvu kama ulivyozoea, unavunja gia za ndani ya mota hiyo, na kazi ya pedi inageuka kuwa kazi ya kununua kaliper, kile kifaa kizima kinachobana pedi. Ni lazima gari liwekwe kwanza katika hali ya matengenezo. Kwenye baadhi ya magari kuna utaratibu wa kubonyeza swichi na kukanyaga pedali, umeandikwa kwenye mwongozo. Kwenye mengine unahitaji mashine.

Kisha kuna milango iliyofungwa kabisa. Baadhi ya watengenezaji wameweka lango la usalama ndani ya mtandao wa gari: kifaa chako kitaruhusiwa kusoma misimbo, lakini si kuifuta wala kutoa amri, mpaka kiwe kimesajiliwa. Na vipo vipuri, hasa visanduku vya kompyuta na funguo, ambavyo havifanyi kazi mpaka vifungwe kwa programu na gari husika. Unaweza kukifunga kwa ustadi wote na gari likakutazama tu.

Fedha na muda. Unaokoa ujira wa fundi. Unalipa kwa zana, kwa klipu, na kwa saa zako. Kazi usiyowahi kuifanya izidishe mara tatu ya muda ulioambiwa na video. Na ukigundua umeletewa kipuri kisicho chake, gari liko juu ya stendi na magurudumu yako sakafuni. Utakwenda kukibadilisha kwa usafiri wa nani?

Lawama. Ni yako. Wauzaji wengi hawapokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Kuhusu waranti ya gari, sheria hutofautiana. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umefanya matunzo mwenyewe au nje ya mtandao wake, ila ukiharibu kitu kwa mkono wako hilo ni lako. Popote ulipo, weka risiti za oili na filta pamoja na tarehe na kilomita.

Inamfaa nani: mwenye gari la pili la kutumia wakati hili limelala, mwenye subira ya kupima kabla ya kununua, na anayefurahia kazi yenyewe. Asiyeifurahia ataichukia zaidi kwenye gari jipya kuliko alivyoichukia kwenye la zamani.

## Fundi wa gereji huru

Kugundua ugonjwa. Hapa tofauti kati ya gereji na gereji ni kubwa kuliko tofauti kati ya gereji na wewe. Fundi aliyeona aina yako ya gari mara mia anajua ugonjwa wake kwa kusikia mlio. Fundi mwingine atachomeka mashine, asome msimbo ule ule ulioona kwenye simu, abadilishe sensa ile ile ambayo ungebadilisha wewe, kwa fedha zako. Swali la kumtambulisha ni moja: "Utapimaje kabla hujabadilisha?" Akikueleza hatua, mwachie funguo. Akijibu "tutaona", hata wewe nyumbani ungeweza kuona.

Kukifikia kifaa. Ana lifti, ana taa, ana zana za kuvutia beringi na za kushikilia injini isipoteze taimingi. Kazi inayokulaza chali kwa siku nzima, yeye anaifanya amesimama. Kwa klachi, beringi za magurudumu na mkanda wa taimingi sioni sababu ya kubishana naye.

Kuiambia kompyuta. Miaka ya karibuni mapambano makubwa ya ukarabati yamekuwa hapa. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji kuwauzia mafundi huru taarifa na programu zile zile wanazowapa mawakala, na mwaka 2020 likapiga kura nyingine kuhusu data ambazo gari hutuma kwa njia ya mtandao. Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2018/858, iliyoanza kutumika Septemba 2020, na Australia ikaanzisha mpango wake tarehe 1 Julai 2022. Kwa hiyo katika nchi hizo mlango upo. Lakini taarifa huuzwa, kwa kila mtengenezaji kivyake, na gereji inayopokea kila aina ya gari haiwezi kulipia zote. Ndiyo maana gereji inayoshughulika na aina moja au mbili za magari mara nyingi huwa mbele katika jambo hili. Uliza kabla: kamera ya kioo cha mbele, ile inayosaidia gari kushika njia, mnairekebisha hapa au mnaituma kwingine?

Fedha na muda. Ujira kwa kawaida ni mdogo kuliko wa wakala, na unaweza kuchagua kati ya kipuri halisi, cha kampuni nyingine, au kilichotumika. Uhuru huo ni mzuri ukiwa unajua unachochagua. Kumpelekea fundi kipuri ulichonunua mwenyewe kunaonekana werevu, ila kikikataa kufanya kazi mtaanza kutupiana mpira: yeye atasema kipuri kibovu, muuzaji atasema kimefungwa vibaya.

Lawama. Inategemea maandishi. Omba orodha ya kazi, omba vipuri vya zamani, omba usomaji wa kompyuta wa kabla na wa baada. Gereji nzuri haikasiriki ukiomba hivyo.

Inamfaa nani: mwenye gari lililotoka kwenye waranti, anayehitaji kazi nzito ya mikono, na aliyekwisha kumpata fundi anayepima. Kama bado hujampata, mjaribu kwanza kwa kazi ndogo.

## Wakala wa kampuni

Kugundua ugonjwa. Wakala ana kitu ambacho wengine hukipata kwa taabu: taarifa za kiufundi ambazo mtengenezaji huzituma pale magari mengi yanapolalamika ugonjwa mmoja. Kumbe ule mtikisiko unaokusumbua unajulikana, na dawa yake ni programu mpya ya gia boksi, wala si kipuri. Ungeweza kubadilisha vifaa vitano usiupate. Kwa upande mwingine, fundi wa wakala hufuata mchoro wa hatua kwa hatua, na hitilafu inayokuja na kwenda humchosha kama inavyowachosha wengine wote. "Hatukuiona" ni jibu ninalolijua vizuri.

Kukifikia kifaa. Zana maalumu zipo. Tabia yao, hata hivyo, ni kubadilisha kifaa kizima badala ya kukifungua. Alternata yenye brashi zilizoisha itatoka nzima na kuingia nyingine nzima.

Kuiambia kompyuta. Hapa hana mpinzani. Funguo mpya, kisanduku kipya cha injini, sasisho la programu, kulipatanisha gari na kipuri: ndiyo kazi yake ya kila siku.

Fedha na muda. Mara nyingi ndiye ghali kuliko wote, na unasubiri zamu. Marekebisho ya kasoro za kiwanda, zile ambazo kampuni yenyewe inayarudisha magari, kwa kawaida hufanywa bure. Angalia kwa namba ya chasisi kabla hujalipia chochote kwa mtu yeyote.

Lawama. Iko wazi kuliko pengine popote, hasa gari likiwa ndani ya waranti. Karatasi zao pia husaidia siku ya kuliuza.

Inamfaa nani: mwenye gari jipya, mwenye tatizo la programu au funguo, na yule ambaye fundi wawili wamekwisha kushindwa. Kwa gari la miaka kumi na tano, wakala mara nyingi ni njia ya mzunguko.

## Kazi zisizoingia kwenye mizani

Kabla ya kuchagua kwa hali yako, ziondoe kwanza kazi ambazo video haitoshi kukuandaa.

Injini za dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaoweza kupita bar 2,000. Mafuta yanayochomoka kwenye ufa mdogo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha sindano, na ndani nyama inakufa. Usitafute uvujaji huko kwa kidole, na likitokea nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu. Petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda nayo hufikia mamia ya bar.

Nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari ya umeme na haibridi ni za volti za juu. Magari mengi ya umeme yana mfumo wa volti takriban 400, na mengine 800. Hata baada ya kuutenganisha mfumo, umeme hubaki kwenye kapasita kwa dakika kadhaa. Pedi, oili na filta za haibridi unaweza kuzigusa. Hizo nyaya hapana.

Mifuko ya hewa ina baruti ndani yake, na viunganishi vyake kwa kawaida ni vya njano. Gesi ya kiyoyozi haipaswi kuachiwa hewani, na aina ya R1234yf iliyo kwenye magari mengi mapya inaweza kushika moto. Na jambo la kale ambalo halijabadilika: jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Weka stendi.

## Chagua kwa hali yako

Gari liko ndani ya waranti. Filta za hewa, vifutio vya kioo na balbu zinazofikika fanya mwenyewe. Tatizo linalowasha taa ya onyo mpe wakala, maana analitengeneza kwa gharama ya mwingine.

Taa ya injini imewaka lakini gari linakwenda vizuri. Soma msimbo mwenyewe, uandike kabla ya kuufuta. Fanya vipimo visivyo na gharama: tazama mipira, sikiliza hewa inayovuja, hamisha koili. Usiponasa kitu, lipia upimaji tu kwenye gereji huru, kwa makubaliano kwamba hawabadilishi chochote. Ukishajua ugonjwa, amua upya nani atakayefungua bolti. Mchanganyiko huu, wao wapime na wewe ufunge, kwangu umeokoa fedha nyingi kuliko njia yoyote moja ikiwa peke yake.

Ni matunzo ya kawaida kwenye gari la kati kwa umri. Oili, filta, plagi zinazoonekana na pedi za mbele ni kazi za nyumbani. Kabla ya kugusa pedi za nyuma au betri, fungua mwongozo utafute neno moja: je, kuna kuarifu? Kama kuna na huna kifaa chake, nenda gereji.

Gari ni moja na unalitegemea kwenda kazini kila asubuhi. Usianze kazi Jumapili jioni. Kama kipuri hakipo mkononi na hujakilinganisha na cha zamani, usifungue. Kwa mtu wa namna hii gereji huru ndiyo nafuu, hata pale kazi inapoonekana rahisi.

Gari ni la zamani, na ungependa kujifunza. Hili ndilo darasa. Nunua spana ya kupimia mkazo kabla ya kununua kisomaji cha kifahari, na piga picha kila klipu kabla hujaigusa.

Kioo cha mbele kimepasuka na gari lina kamera ya kushika njia au kufunga breki lenyewe. Usitazame bei ya kioo peke yake. Uliza nani atakayeirekebisha kamera na kama utapewa karatasi ya matokeo. Asiye na jibu mpishe.

Taa ya injini haiwaki tu, inamwekamweka, na gari linatetemeka. Hapo suala si nani atengeneze. Legeza mguu, egesha mahali salama, zima. Silinda inayomisi inatuma mafuta yasiyoungua kwenye masega ya eksozi yanayosafisha moshi, nayo masega yakiyeyuka utakuwa umegeuza koili moja kuwa mfumo mzima wa moshi. Liite gari la kuvuta.